Kurahisisha msimbo wa kumbukumbu ndani ya kerneli: mstari upi ufutwe, upi uachwe?

Mshonaviraka (#1)

Wakuu, salaam.

Nimekuwa nikisoma folda ya mm/, yenye msimbo wa usimamizi wa kumbukumbu, ya kerneli ya Linux kwa muda sasa, kidogo kidogo kila jioni. Viraka vyangu vingi, yaani mabadiliko ninayotuma yaingizwe kwenye msimbo, ni vile vidogo: kufuta kigeu kisicho na kazi, kugeuza mistari minne iwe mmoja, kuondoa if iliyojirudia. Nataka tuijadili kazi hii kwa uzito wake, maana naona inaumia pande zote mbili. Wapo wanaoidharau wakisema ni kufagia tu. Na wapo wanaoifanya kama wanafagia kweli, mpaka wanazoa na vitu vya mwenye nyumba.

Nianze na kilichonifumbua macho. Ndani ya do_mmap(), fanksheni inayoshughulikia programu inapoomba kipande kipya cha anwani, mapema kabisa kuna ukaguzi huu:

    if (!len)
        return -EINVAL;

Ukishuka kidogo unakutana na hii:

    len = PAGE_ALIGN(len);
    if (!len)
        return -ENOMEM;

Nilipoiona mara ya kwanza niliamini nimepata cha kufuta. Tumeshahakikisha len si sifuri, na PAGE_ALIGN kazi yake ni kuipandisha namba hadi mpaka wa ukurasa (kipande cha kumbukumbu cha ukubwa maalumu) unaofuata. Namba inayopandishwa itakuwaje sifuri? Nikaufuta ule ukaguzi wa pili kwenye nakala yangu. Kerneli ikajengeka, ikawaka, programu zote zikaenda vizuri. Nikaandaa kiraka. Kabla ya kukituma nikampa mtu aliyenitangulia katika kazi hii akisome, naye akauliza swali moja tu: len ikiwa ndiyo namba kubwa kuliko zote, inakuwaje?

Tukashika kalamu. PAGE_ALIGN inafanya hesabu mbili. Kwanza inajumlisha ukubwa wa ukurasa kasoro moja, yaani 4095 pale ukurasa unapokuwa wa baiti 4096. Kisha inazifuta biti 12 za chini. Sasa chukua len ambayo biti zake zote 64 ni 1. Ukiiongezea 1 tu inapinduka na kurudi 0, kwa hiyo ukiiongezea 4095 unabaki na 4094. Futa biti 12 za chini: sifuri. Programu imeomba karibu anwani zote zinazoweza kuandikwa, na kerneli ingeendelea mbele ikiamini imeombwa baiti 0. Ndiyo maana hata majibu yanatofautiana. EINVAL inasema ombi halina maana, ENOMEM inasema nafasi ya ukubwa huo haipo. Na juu ya mistari ile kuna onyo fupi kabisa kuhusu hesabu kufurika. Nilikuwa nimelipita bila kulisoma.

Tangu siku ile, ninachokiita kurahisisha ni kumpunguzia msomaji mambo ya kushika kichwani. Idadi ya mistari naiangalia mwishoni. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni vma_lookup().

Kila programu ina maeneo yake ya anwani, na kila eneo linaelezwa na rekodi iitwayo VMA, yenye vm_start (mwanzo) na vm_end (mwisho). Kuna fanksheni ya siku nyingi, find_vma(mm, addr). Ukilisoma jina unadhani itakutafutia eneo lenye anwani yako. Sivyo. Inakupa eneo la kwanza ambalo mwisho wake uko juu ya anwani hiyo. Anwani ikiangukia kwenye pengo kati ya maeneo mawili, unakabidhiwa eneo la mbele ambalo anwani yako haimo kabisa. Kwa hiyo kila aliyeiita alipaswa kuandika hivi:

    vma = find_vma(mm, addr);
    if (!vma || addr < vma->vm_start)
        return -EFAULT;

Nusu ya pili ya hiyo if ndiyo mtu huisahau, na akiisahau hakuna kinachoharibika, mpaka siku mtu apitishe anwani iliyo kwenye pengo. Mwaka 2021, katika toleo la 5.14, ikaingia vma_lookup(): wakati huo iliita find_vma(), ikalinganisha mwanzo wa eneo, na kurudisha NULL kama anwani haimo. Basi. Pamoja nayo vikaja viraka vidogo vingi, kila kimoja kikibadilisha mahali pamoja: KVM ya mashine pepe, uprobes za kufuatilia programu, hata msimbo wa mtandao wa TCP. Mistari iliyopungua ni ya kuhesabika. Kilichohama ni ile kanuni: ilikuwa inaishi vichwani mwa watu, sasa inaishi ndani ya jina.

Karibuni. Mwenye mfano wake auweke, na mwenye kupinga apinge.

Mwanagenzi_C (#2)

Mkuu shukrani, uzi mzuri. Swali la mwanzoni: kwa nini isirekebishwe find_vma() yenyewe? Jina tayari lipo, tabia yake ndiyo mbovu.

Mshonaviraka (#3)

Kwa sababu wapo wanaoihitaji ilivyo. Angalia steki, kumbukumbu ambamo programu huweka data za muda za fanksheni zake. Kwenye prosesa nyingi inakua kuelekea chini. Programu ikigusa anwani iliyo chini kidogo ya steki yake, anwani hiyo bado haimo kwenye eneo lolote. Kerneli inauliza: eneo lililo juu yake ni lipi, na je, lina alama ya VM_GROWSDOWN? Kama linayo, linanyooshwa liifikie anwani. Swali hilo hasa ndilo find_vma() inalijibu. Ungeibadilisha kimyakimya, programu zingeanza kuanguka mahali ambapo zilitakiwa kupewa steki zaidi.

Na hapohapo kuna somo jingine. Mistari ya kunyoosha steki ilikuwa imenakiliwa kwenye msimbo wa karibu kila aina ya prosesa, kila mmoja kwa mkono wake: x86, arm64, powerpc na wenzao. Mwaka 2023 ikagundulika hitilafu ya usalama iitwayo StackRot, CVE-2023-3269. Steki ilikuwa inanyooshwa na aliyeshika kufuli la kusoma tu, linaloruhusu wasomaji wengine humohumo, wakati kuinyoosha kunabadilisha mti unaohifadhi maeneo. Aliyekuwa anausoma mti huo aliweza kubaki ameshika nodi ambayo imeshaachiliwa. Katika marekebisho Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliingiza lock_mm_and_find_vma(), na sehemu nyingi zilizokuwa zinafanya ngoma ile kwa mkono zikahamia humo. Ilikuwa ni kurekebisha hatari na kurahisisha msimbo kwa mpigo mmoja.

KufuliMbili (#4)

Mkuu, naomba nikupinge kwa heshima, maana mimi niko upande wa pili wa kazi hii. Natunza kerneli ya zamani, ile inayokaa miaka kadhaa ikipokea marekebisho tu bila vitu vipya.

Kiraka cha usalama kinapotoka, kimeandikwa kwa msimbo wa leo. Mimi natakiwa kukipandikiza kwenye msimbo wa miaka minne iliyopita. Kila usafi uliopita hapo katikati unakifanya kisikae. Vigeu vimebadilishwa majina, if mbili zimeunganishwa, fanksheni imehamishiwa faili jingine. Nakaa naunganisha kwa mkono mistari inayohusu kufuli, na hapo ndipo makosa mapya yanazaliwa. Na git blame nayo, amri inayoonyesha kila mstari uliguswa mwisho na kiraka kipi: nikitaka kujua mstari uliwekwa kwa nini, naangukia kwenye "usafi mdogo" wa mtu, nachimba tena chini yake, naangukia kwenye usafi mwingine.

Mnakumbuka hitilafu ya usalama ya Dirty COW, CVE-2016-5195? Kerneli ilipotaka kuandika kwenye ukurasa wa kusoma tu kwa niaba ya programu, ilitengeneza nakala binafsi kwanza, kisha ikaitua ile bendera inayosema "nataka kuandika", kwa kuamini kwamba nakala ipo. Katikati hapo thredi nyingine (mkondo mwingine wa utekelezaji wa programu hiyohiyo) inaitupa nakala kwa madvise(). Kerneli inarudi kuutafuta ukurasa bila bendera ya kuandika, inapewa ukurasa halisi wa faili, na inauandikia. Mtu asiye na ruhusa anabadilisha faili la mfumo. Marekebisho ya Oktoba 2016 yaliongeza bendera iitwayo FOLL_COW ili kukumbuka kwamba nakala ilishatengenezwa, badala ya kuitua ile ya kuandika. Kinachoniuma zaidi ni kwamba Linus mwenyewe alieleza alijaribu kuziba tatizo hilo miaka 11 kabla, na kiraka kile kikaondolewa kwa sababu ya matatizo kwenye prosesa za s390, za mashine kubwa za IBM.

Msimbo wa kumbukumbu ndivyo ulivyo. Mstari mmoja unabeba historia ya prosesa ambayo hujawahi kuiona. Kiraka kinacholeta faida nitakipokea kwa mikono miwili: kimeziba hitilafu, kimeandaa njia ya kazi inayokuja, au kimemuondolea mtu mtego kama huo wa vma_lookup(). Cha "mimi napenda ikae hivi" kibaki kwa mwenyewe.

Mshonaviraka (#5)

Mkuu KufuliMbili, kipimo chako nakikubali, na kazi yako naiheshimu. Ila kuna gharama ya upande wa pili ambayo hujaiweka mezani: ya kuacha mambo yalivyo.

Kwa miaka mingi kerneli ilikuwa na vigawaji vitatu vya vipande vidogo vya kumbukumbu: SLAB, SLOB na SLUB. Ukitaka kuongeza kitu kwenye kmalloc(), fanksheni ya kuomba kumbukumbu ndani ya kerneli, unaandika mara tatu, unapima mara tatu. SLOB ikaondolewa katika toleo la 6.4 mwaka 2023, SLAB ikafuata katika 6.8 mwaka 2024. Tangu hapo anayerekebisha kigawaji anasoma kimoja. Wewe uliyekuwa unapandikiza viraka kwenye vitatu unapaswa kulifurahia hilo kuliko mimi.

Msubiri_RCU (#6)

Kwa kuwa SLOB imetajwa, niongezee kisa kinachofaa sana hapa.

SLOB ilipokuwepo, kitu kilichotolewa na kmem_cache_alloc() hukuweza kukirudisha kwa kfree() ya kawaida. Ilibidi kmem_cache_free() ukitaja akiba (cache) kilikotoka. Matokeo yake kerneli nzima ikajaa vifanksheni vya namna moja: unaipa call_rcu(), inayoahirisha kazi mpaka wasomaji waliopo wamalize, fanksheni ndogo ambayo kazi yake yote ni mstari mmoja wa kmem_cache_free(). SLOB ilipoondoka, kizuizi kikaondoka nayo. Mwaka 2024 vikaja viraka vya kuvifuta vifanksheni hivyo na kutumia kfree_rcu() moja kwa moja. Ni kazi ya mashine kabisa, vilitafutwa kwa Coccinelle, zana inayoelewa muundo wa C na kutafuta umbo la msimbo badala ya maneno.

Halafu likaibuka swali. Moduli inapotolewa, inaita rcu_barrier() kusubiri kazi zote za call_rcu() ziishe, ndipo inaharibu akiba yake kwa kmem_cache_destroy(). Lakini kfree_rcu() inakusanya vitu kwa mafungu, na rcu_barrier() haivisubiri hivyo. Akiba inaweza kubomolewa wakati vitu vyake bado viko kwenye foleni ya kuachiliwa! Kwa macho, kabla na baada ni kitu kilekile. Ahadi ya kusubiri ndiyo iliyopotea. Suluhisho likaingia katika 6.12: kmem_cache_destroy() yenyewe sasa inavisubiri kupitia kvfree_rcu_barrier().

Kwangu mimi viraka vile havikuwa na kosa la kuaibisha. Vililifukua jambo ambalo lingemkuta mtu baadaye akiwa peke yake.

Mwanagenzi_C (#7)

Nasoma kila neno hapa. Naombeni msaada kwenye kitu nilichokiona jana kwenye do_swap_page(), fanksheni inayorudisha ukurasa uliohamishiwa diski. Kiingizo cha jedwali la kurasa, kinachosema ukurasa uko wapi, kinasomwa kabla haijaitwa na kuwekwa kwenye orig_pte. Chini kabisa kinasomwa tena na kulinganishwa kwa pte_same(). Kinasomwa mara mbili kwenye njia moja, na katikati hakuna mstari unaokibadilisha. Je, hii nayo ni ya kuacha?

KufuliMbili (#8)

Iache, na nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kufuta.

Ni kweli, ndani ya fanksheni hiyo hakuna mstari unaokibadilisha. Wa nje wapo. Usomaji wa kwanza unafanyika bila kufuli la jedwali. Baada yake kerneli huenda ikasoma ukurasa kutoka diski, na hapo thredi inalala. Fikiria programu yenye thredi mbili, A na B, zote zimegusa ukurasa uleule uliohamishiwa diski. Zote mbili zimesoma kiingizo na kuona "ukurasa uko diski, mahali fulani". A inawahi: inashika kufuli, inaupanga ukurasa, inaachia kufuli, na programu inaanza kuuandikia. Ndipo B inaamka. Bila pte_same(), B ingeandika kiingizo chake juu ya cha A, kwa kutumia taarifa ya zamani, na hesabu za ukurasa zingevurugika. Ikiwa nayo, B inashika kufuli, inaona kiingizo si kile ilichokikumbuka, inaachia ilichobeba na kuondoka. Programu inajaribu tena na kukuta kila kitu tayari.

Ukiona kitu kinasomwa mara mbili kwenye mm/, tafuta kufuli lilishikwa wapi kati ya usomaji huo. Ukilikuta limeshikwa katikati, usomaji wa pili ndio wenye kuaminika.

UkurasaMkia (#9)

Hakuna aliyezitaja folio na mimi nazipenda, niseme kwa ufupi.

Kila ukurasa wa baiti 4096 una struct page yake, kwa kawaida baiti 64. Kurasa zikiunganishwa kuwa moja kubwa, wa kwanza ni kichwa na waliobaki ni mikia. Fanksheni iliyopokea struct page haikujua imepewa kichwa au mkia, kwa hiyo iliita compound_head() kuhakikisha. Fanksheni hiyo ikiita nyingine, nayo inahakikisha upya, na inayofuata hivyohivyo. Swali moja linaulizwa mara nne kwenye njia moja. Matthew Wilcox akaleta struct folio, iliyoingia katika toleo la 5.16: aina inayosema tangu mwanzo kwamba hiki si mkia. Kompaila ndiyo inayokukatalia ukichanganya, na maswali yale yanaondoka, pamoja na maelekezo ya mashine yaliyokuwa yanayauliza.

Kazi hiyo imekuwa ikifanyika kwa miaka, fanksheni moja baada ya nyingine, na sehemu kubwa ni viraka vidogo vidogo. Anayesema vidogo havifiki mbali aiangalie hiyo.

Mwanagenzi_C (#10)

Wakuu, nimejipa moyo. Nimetafuta mahali panapoandikwa kwa mkono:

    (vma->vm_end - vma->vm_start) >> PAGE_SHIFT

na kuweka vma_pages(vma) badala yake. Nimepata sehemu nne kwenye dereva mbili. Nimejenga kerneli kabla na baada, nikalinganisha kwa scripts/bloat-o-meter, inayopima ukubwa wa fanksheni kabla na baada, tofauti ni ndogo sana: sehemu tatu hazijabadilika hata baiti moja, moja imebadilika kidogo. Ujumbe wa kiraka nimeandika: "usafi wa msimbo, hakuna mabadiliko ya tabia". Naombeni mnisomee kabla sijatuma.

Mshonaviraka (#11)

Hongera, umechagua vizuri. Hata kwenye kerneli kuna skripti ya Coccinelle ya umbo hilohilo, scripts/coccinelle/api/vma_pages.cocci.

Lakini hiyo sehemu moja iliyobadilika. vma_pages() inarudisha hesabu ileile uliyoifuta, kwa hiyo kompaila ilitakiwa kutoa kitu kilekile kote. Tuwekee mistari ya awali ya sehemu hiyo.

Mwanagenzi_C (#12)

Hii hapa:

    nr = (vma->vm_end - addr) >> PAGE_SHIFT;

KufuliMbili (#13)

Hiyo inaanzia addr. Haianzii vm_start.

Anataka kurasa zilizobaki kuanzia hapo alipo hadi mwisho wa eneo. Ukimpa vma_pages() anapata kurasa za eneo zima, na kama addr iko katikati atapita mwisho wa eneo akiendelea kupanga kurasa. Kwenye jaribio lako addr huenda ilikuwa sawa na vm_start kila mara, ndiyo maana hukuona kitu. Bloat-o-meter ndiyo imekuambia.

Mshonaviraka (#14)

Iondoe hiyo, zibaki tatu. Tenganisha viraka viwili, kila dereva na chake, maana wasimamizi ni tofauti, scripts/get_maintainer.pl itakutajia wa kuwapelekea. Pitisha checkpatch.pl, inayokagua mtindo wa kiraka, kabla.

Na ujumbe uuandike upya. "Usafi wa msimbo" haumsaidii yule atakayefika hapo kwa git blame miaka sita ijayo. Sema umebadilisha nini na umejuaje ni salama: hesabu ya kurasa za eneo zima sasa inafanywa na vma_pages(), na ukubwa wa msimbo uliotolewa na kompaila ni uleule. Sentensi mbili zinatosha.

Mwanagenzi_C (#15)

Nimerudisha ile ya nne ilivyokuwa. Nimejenga upya: sehemu zote tatu, tofauti baiti 0. Nimetenganisha viwili, ujumbe nimeuandika kama ulivyosema, na kwenye kile cha dereva ya pili nimeongeza sentensi moja kwamba hesabu inayoanzia addr imeachwa kwa makusudi, ili anayefuata asiifute.

KufuliMbili (#16)

Tuma. Hiki nitakipandikiza bila kinyongo.